Klasta ndogo ya utafiti: tuongeze viini au tujaze RAM?

"Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu cha umma jijini Dar es Salaam. Idara yetu imepata ruzuku ya shilingi milioni 180 kwa ajili ya klasta ndogo (kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kwa pamoja) ya hesabu za kisayansi. Watumiaji ni wa aina tatu: wenzetu wa hali ya hewa wanaoendesha WRF, programu ya utabiri wa hali ya hewa, kwa gridi ya kilomita 3 juu ya bonde la Rufiji, mkemia mmoja anayetumia GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, na vijana wa biolojia wanaochambua jenomu za virusi vya batobato ya mihogo. Kwa sasa utabiri wa saa 48 unachukua siku mbili nzima kwenye kompyuta ya mezani yenye viini 8 (sehemu za prosesa zinazopiga hesabu). Muuzaji ametuletea profoma ya seva sita, kila moja ikiwa na prosesa mbili za AMD EPYC 9004 zenye viini 32, RAM ya GB 128 katika vipande vinne vya GB 32, swichi ya gigabiti 1, na kadi moja ya michoro (GPU) ya RTX 4090 itakayowekwa ndani ya seva mojawapo. Anasema kwa viini 384 kazi ya siku mbili itaisha kwa saa moja. Vijana wa biolojia nao wanadai RAM hiyo ni ndogo mno, wanataka seva moja ya terabaiti 2. Je, tusaini, au kuna jambo hatulioni?"

Mwalimu, hongereni kwa ruzuku, na ahsante kwa kueleza kazi zenu pamoja na profoma, kwa sababu swali la seva halijibiki mpaka ijulikane seva hiyo itabebeshwa nini. Wasiwasi wenu, kama nilivyouelewa, ni kwamba fedha hizi hazitakuja mara ya pili, na mnaogopa kufunga mashine za fahari ambazo mwakani zitakuwa bado zinajikongoja na WRF. Wasiwasi huo una msingi, kwa hiyo msisaini bado. Muuzaji wenu hajaandika kifaa kibaya hata kimoja. Tatizo ni kwamba ameijenga profoma nzima juu ya idadi ya viini, ambayo ndiyo tarakimu iliyo rahisi kuhesabu na kulinganisha, na ili viini hivyo vienee kwenye bajeti amebana mahali ambapo hapakupaswa kubanwa.

Tuanze na ahadi ya saa moja. Hesabu yake ni nyepesi: viini 384 ni mara 48 ya viini 8, kwa hiyo saa 48 zinagawanywa kwa 48. Ingekuwa sahihi kama kila sehemu ya programu ingegawanyika sawasawa kwa viini vyote. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alionesha mwaka 1967 kwamba sehemu isiyogawanyika, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayoweka kikomo cha kasi, na katika WRF sehemu hiyo ipo, hasa wakati wa kusoma faili za kuanzia na kuandika matokeo kwenye diski. Tuchukulie kwamba ni asilimia 1 tu ya kazi yote. Viini 8 vitaifanya kazi iende mara 7.5 hivi kuliko ikifanywa na kiini kimoja, na viini 384 vitaifanya iende mara 79.5. Tofauti kati ya kompyuta yenu ya sasa na klasta nzima inakuwa kama mara 10.6, na siku mbili zinageuka saa nne na nusu. Hapo bado sijagusa RAM wala mtandao, na huko ndiko profoma hii inakoumia zaidi.

WRF, kama zilivyo programu nyingi za hali ya hewa, hufanya hesabu chache kwa kila namba inayoivuta kutoka kwenye RAM. Inachukua joto, unyevu na upepo wa kisanduku kimoja cha gridi, inajumlisha na kuzidisha kidogo, inarudisha jibu, kisha inahamia kisanduku kinachofuata. Kiini cha kisasa humaliza hesabu hizo upesi sana, halafu hukaa kikisubiri data ya kisanduku kinachofuata. Kwa kazi ya namna hii, kinachoamua kasi ni wingi wa data unaoweza kupita kati ya RAM na prosesa kwa sekunde. Kila prosesa ya EPYC 9004 ina njia 12 za kumbukumbu, yaani za RAM, na kila njia, ikiwa na RAM ya DDR5-4800, hupitisha hadi GB 38.4 kwa sekunde. Zikijazwa zote, prosesa moja ina uwezo wa GB 460.8 kwa sekunde kwenye karatasi. Kwa vitendo hupungua, ila uwiano hubaki uleule. Lakini njia ambayo haikuchomekwa kipande cha RAM haipitishi kitu.

Sasa irudieni profoma yenu. Kuna vipande vinne kwa prosesa mbili, yaani vipande viwili kwa kila prosesa: njia mbili zinafanya kazi, kumi ziko tupu. Uwezo umeshuka hadi GB 76.8, moja ya sita ya ule mliolipia mliponunua prosesa hiyo, na ukiugawa kwa viini 32 kila kiini kinapata GB 2.4 kwa sekunde badala ya 14.4. Ni sawa na shughuli yenye wapishi 32 na stoo ya milango kumi na miwili, kisha mwenye shughuli akafungua milango miwili: ukileta wapishi wengine, pilau haiivi mapema. Na kama kompyuta yenu ya mezani ina RAM ya DDR4-3200 kwenye njia mbili, kama ilivyo kawaida ya kompyuta za namna hiyo, basi viini vyake 8 vinagawana GB 51.2, ambazo ni GB 6.4 kwa kila kiini. Kiini kimoja ndani ya seva hizo za mamilioni kingekuwa na njaa kuliko kiini cha mashine mnayoilalamikia leo.

Dawa yake ni kupunguza seva na kuzijaza. Seva tatu za prosesa zilezile, kila prosesa ikiwa na vipande 12 vya GB 16, zinawapa GB 384 za RAM kwa kila seva na uwezo wa jumla wa takriban GB 2,765 kwa sekunde. Seva sita za kwenye profoma zinatoa takriban GB 922. Nusu ya seva, mara tatu ya uwezo. Na mkirudi kwenye hesabu ya Amdahl, kushuka kutoka viini 384 hadi 192 kunaishusha kasi ya juu kabisa kutoka mara 79.5 hadi mara 66 tu, hasara ndogo kwa kitu kilichokatwa nusu. Muuzaji akiwaambia kwamba GB 384 zinapatikana pia kwa vipande sita vya GB 64 kwa kila seva, na kwamba hivyo mtabaki na nafasi ya kuongeza baadaye, anasema kweli kuhusu nafasi. Ila mtakuwa mmefungua njia tatu kati ya kumi na mbili kwa kila prosesa.

Mnaweza kulithibitisha hili wiki hii bila kununua chochote. Chukueni utabiri mfupi wa saa tatu, muuendeshe kwenye kompyuta yenu kwa viini 2, kisha 4, kisha 8, na kila mara mfungue faili la rsl.error.0000 ambalo WRF huliandika ndani ya folda ya kazi. Mistari inayoanza na "Timing for main" hutaja sekunde zilizotumika kwa kila hatua ya hesabu. Kama kutoka viini 4 kwenda 8 muda unapungua karibu nusu, RAM yenu bado inamudu. Kama unapungua kidogo tu, mmekiona kizuizi kwa macho. Humo humo itafuteni mistari ya "Timing for Writing", inayoonesha muda unaotumika kuandika matokeo. Ikiwa muda huo ni mkubwa, diski yenu nayo ni sehemu ya zile siku mbili, na hakuna prosesa itakayolitibu hilo.

Kuhusu swichi ya gigabiti 1, WRF huigawa ramani katika vipande, kila kiini kikapewa chake, na katika kila hatua viini vyenye vipande vinavyopakana hupeana data ya mipakani. Kwa gridi ya kilomita 3, hatua moja huwa kama sekunde 18 za hali ya hewa, kwa hiyo utabiri wa saa 48 una hatua zipatazo 9,600. Tuseme, kwa mfano, kila seva inalazimika kupeleka kwa wenzake megabaiti 50 katika kila hatua. Gigabiti 1 hubeba megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo kila hatua inasubiri sekunde 0.4, na kwa hatua zote ni dakika 64 za kungoja waya peke yake. Ile saa moja ya muuzaji imekwisha kabla hesabu haijaanza. Kwa gigabiti 25, kusubiri huko kunashuka hadi kama dakika mbili na nusu.

Wapo watakaowaambia kwamba klasta bila InfiniBand, aina ya mtandao wa kasi wa kuunganisha seva, si klasta. InfiniBand ni nzuri kwelikweli, kwa sababu ujumbe mdogo hufika upande wa pili kwa mikrosekunde moja au mbili, wakati Etherneti ya kawaida hutumia makumi ya mikrosekunde, na mnapokuwa na seva nyingi zenye vipande vidogo vya ramani tofauti hiyo huonekana. Kwa seva tatu zilizojaa, mimi ningechukua Etherneti ya gigabiti 25, ambayo fundi yeyote wa mtandao wa chuo anaielewa, na fedha itakayobaki ningeipeleka kwenye umeme.

Vijana wa biolojia wameshika jambo la kweli wakalipeleka kusiko. Zipo kazi za jenomu zinazohitaji terabaiti za RAM, kama vile kuunga upya jenomu ya ngano yenye besi (herufi za DNA) takriban bilioni 16 kutoka kwenye vipande vidogo. Virusi vya batobato ya mihogo ni habari nyingine kabisa: jenomu yake ni duara mbili za DNA, kila moja ikiwa na besi kama 2,800. Hata mhogo wenyewe una besi takriban milioni 750, na kulinganisha sampuli na jenomu hiyo hakuhitaji terabaiti 2. Uzito wa kazi yao uko kwenye wingi wa sampuli, na sampuli hizo hazitegemeani, kwa hiyo programu ya foleni kama Slurm inaweza kuzigawa makumi kwa makumi kwenye seva zote zikaenda kwa pamoja bila kuugusa mtandao. Waombeni waendeshe sampuli yao nzito kuliko zote kwa kutanguliza /usr/bin/time -v mbele ya amri yao. Mwishoni itaandikwa RAM ya juu kabisa iliyotumika. Wakileta tarakimu inayozidi GB 384, nitabadili ushauri wangu.

Mkemia wenu ndiye mwenye hoja ya GPU. GROMACS hufanya sehemu kubwa ya hesabu zake kwa usahihi wa kawaida (namba za biti 32), na kwa kazi hiyo RTX 4090 ina nguvu sana kwa bei yake. Kadi hiyo hudhoofika kwenye usahihi maradufu (biti 64), ambako kasi yake ni moja ya 64 tu ya ile ya usahihi wa kawaida, lakini GROMACS haitaona tofauti. Wenzenu wa hali ya hewa wasiihesabu, kwa sababu WRF ya kawaida inayopakuliwa bure haitawatumikishia kadi hiyo. Ninachopinga ni kuiweka ndani ya seva. Ni kadi nene, hula hadi wati 450, feni zake hazikutengenezwa kwa mtiririko wa hewa wa seva nyembamba, plagi yake ya umeme imekaa juu mahali ambapo mfuniko unatakiwa kufunga, na leseni ya programu endeshi ya kadi za GeForce, familia ya RTX 4090, hairuhusu ziwekwe kwenye kituo cha data. Mnunulieni kompyuta kubwa ya mnara yenye nafasi ya kutosha, iunganishwe na klasta kwa mtandao, naye atafanya kazi zake bila kumsumbua mtu.

Profoma haikutaja hifadhi kabisa, nami sitakaa hapo muda mrefu. Mnahitaji seva ya nne, ya kawaida, itakayokuwa mlango wa kuingilia na ghala la faili, yenye diski zilizopangwa ili mbili zikifa data ibaki. Na SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi, ndani ya kila seva ya hesabu kwa faili za muda. Wekeni pia nakala katika jengo jingine, kwa maana mpangilio wa diski hulinda dhidi ya diski kufa, haulindi dhidi ya mwanafunzi aliyefuta folda saa sita usiku.

Jambo ambalo limeua klasta nyingi ndogo kuliko prosesa mbovu ni umeme na joto, na kwenye profoma yenu halina hata mstari mmoja. Seva tatu zikifanya kazi kwa nguvu zote, pamoja na ghala, swichi na mashine ya GPU, kadirieni kilowati 4. Umeme huo wote hugeuka joto ndani ya chumba: kila kilowati ni BTU 3,412 kwa saa, kwa hiyo mna kama BTU 13,650 za kuondoa kila saa, usiku na mchana, mbali na joto la ukuta linalopigwa na jua la Dar. Ningefunga viyoyozi viwili vya BTU 24,000, kimoja kikifanya kazi na kingine kikipumzika, vikipokezana. Hewa inayoingia kwenye seva inapaswa kuwa kati ya nyuzi 18 na 27, kama ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi, inavyopendekeza. Msishawishike kufungua madirisha ili kuokoa umeme, kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na vyote viwili hula viunganishi vya shaba taratibu mpaka siku moja seva inakataa kuwaka bila sababu ya wazi.

Kisha UPS. Kwa mzigo huo, UPS ya kVA 10 ya aina inayoubadili na kuusawazisha umeme muda wote (online) itawakinga na umeme kupanda na kushuka, na itawapa dakika za kuzima kwa utaratibu au za kungoja jenereta. Hapa kuna mtego ambao watu huugundua wakiwa wamechelewa. Umeme ukikatika, UPS huendelea kulisha seva, lakini kiyoyozi hakipo kwenye UPS na mara nyingi hakipo hata kwenye saketi ya jenereta. Seva zinaendelea kupiga hesabu kwa nguvu zote ndani ya chumba kilichofungwa, na joto hupanda haraka. Hakikisheni kiyoyozi kinapata umeme wa jenereta, na muiwekee klasta programu ya kujizima yenyewe joto la chumba likifika kiwango mlichokubaliana. Piga pia hesabu ya mwaka: kilowati 4 kwa saa 8,760 ni uniti 35,040 kabla ya viyoyozi. Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa, kisha mkamuulize mhasibu wa chuo fedha hiyo itatoka kasma ipi, kwa sababu ruzuku ya vifaa kwa kawaida hailipi umeme.

Zipo njia nyingine mbili za kupima kwa haki. Ya kwanza ni seva zilizotumika. Klasta kubwa ya Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas ilipostaafu mwaka 2013, sehemu zake zilipelekwa CHPC, kituo cha kompyuta zenye kasi kilichoko Cape Town, zikagawanywa kuwa klasta ndogo kwa vyuo vya kusini mwa Afrika, kwa hiyo wazo hilo si la aibu. Ila mashine za zamani hula umeme mwingi kwa kila hesabu, na anayepewa bure huja kulipa kwenye bili. Kama mtachukua zilizotumika, msishuke chini ya EPYC 7003, yenye njia 8 za DDR4 na GB 204.8 kwa sekunde kwa kila prosesa, na mdai waranti ya maandishi. Njia ya pili ni kukodi kompyuta za mbali kwa dola. Kwa kazi ya mara moja kwa mwaka ni nafuu na haina kero ya kiyoyozi; kwa utabiri wa kila siku, pamoja na kuvuta faili nene za WRF kurudi nyumbani, gharama hujilimbikiza, na ruzuku yenu ikiisha huduma nayo inaisha.

Kwa kuwa chuo chenu ni cha umma, ununuzi utapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na hapa ndipo nawasihi muwe makini kuliko kote. Mkiandika kwenye zabuni "seva yenye viini 64 na RAM ya GB 128", mzabuni wa bei ya chini atawaletea vipande vinne vya RAM, naye atakuwa ametimiza masharti yenu neno kwa neno. Andikeni utendaji: kwamba njia zote za kumbukumbu za kila prosesa zijazwe kwa vipande vinavyofanana, kwamba STREAM, jaribio la kupima kasi ya data kati ya RAM na prosesa, lioneshe si chini ya GB 650 kwa sekunde kwa kila seva, kiwango ambacho seva iliyojazwa hukifikia na yenye vipande vinne haiwezi hata kukikaribia, kwamba waranti iwe ya fundi kuja chuoni, na vipuri vya akiba, angalau diski mbili na pawasapulai moja, viletwe pamoja na mzigo.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyajibu kwa maandishi. Chumba chenyewe lazima kionwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime waya wa ardhi, aone ubao wa umeme una nafasi ya saketi mpya, na awaambie kama waya uliopo utabeba UPS. Fundi wa viyoyozi naye aje aone jua linapiga ukuta upi. Na kama hakuna kati yenu aliyewahi kusimamia Linux na Slurm, tafuteni mtu wa taasisi nyingine anayeendesha klasta sasa hivi, mkakae naye siku mbili kwenye mashine zake kabla zabuni haijatangazwa, kwani atawauliza maswali kuhusu watumiaji wenu ambayo mimi siwezi kuyakisia nikiwa mbali.

Mzigo ukifika, fungueni kila seva mbele ya muuzaji mkahesabu vipande vya RAM kwa macho, 24 kwa kila seva, kisha muendeshe STREAM na baada yake WRF yenu wenyewe kwa saa 72 mfululizo huku viyoyozi vikiwa kwenye ratiba yao ya kawaida. Katika saa hizo zimeni umeme mkuu mara moja, mchana wa jua kali, muone kipi kinazimika. Hati ya mapokezi isainiwe baada ya hapo.